Somo: Namna ya kupanga banda la kanga katika viwanja vya Sabasaba

Somo hili linamhusu mfanyabiashara anayekodi banda la mita 3 kwa 3 kwa kipindi cha Maonesho ya Sabasaba, yanayofanyika kila mwaka kati ya mwishoni mwa Juni na katikati ya Julai katika viwanja vya Mwalimu J. K. Nyerere, Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam. Nimechukua kanga kwa sababu ndiyo biashara yangu, na kwa sababu mteja wa kanga hununua maneno pamoja na kitambaa. Kwa hiyo banda zima lipangwe ili jina la kanga, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, lisomeke na mtu anayepita njiani bila kusimama.

Hatua ya kwanza: chora banda nyumbani. Piga mistari ya chaki uani, mita 3 kila upande, kisha weka meza zako humo na uingie ukiwa na mwenzako. Msipoweza kupishana bila kugusana mabega, punguza meza moja. Wala usiweke meza kukinga upande wote wa mbele, maana mteja atabaki nje kama anayenunua vocha dirishani.

Hatua ya pili: ukuta wa nyuma. Mwaka wangu wa kwanza nilitundika kanga zikiwa zimekunjwa, mji (sehemu ya katikati) ukiwa nje kwa sababu maua yake yalinipendeza. Kila aliyeingia aliuliza, "Hii inasemaje?" Tukafunua na kukunja mchana kutwa, na kufikia jioni meza ilikuwa na rundo la nguo ambalo hata sisi wenyewe hatukujua lina nini. Doti, yaani kanga mbili za pamoja, ambayo haijakatwa ina urefu wa takriban mita 3, yaani sawasawa na ukuta huo. Itandaze yote, na jina litasomeka mara mbili, kushoto na kulia. Kamba ikifungwa mita 2.4 kutoka chini, kanga yenye kimo cha mita 1.1 hivi italifikisha jina karibu na usawa wa macho ya mtu mzima, kwa kuwa jina hukaa chini ya mji, juu kidogo ya pindo la chini. Ukiifunga kamba chini sana, jina litafichwa na meza.

Hatua ya tatu: kanga za mezani. Zikunje ili sehemu yenye jina ibaki juu, na jina likiwa refu kuliko mkunjo, liandike lote kwenye kikaratasi na ukibane pembeni kwa pini. Zipange kwa shughuli, usizipange kwa rangi: za harusi mahali pamoja, za kumpa mama mahali pamoja, na za mafumbo peke yake. Mtu huja akisema anatafuta zawadi ya mama mkwe. Ni nadra kuja akisema anatafuta ya kijani.

Hatua ya nne: taa na malipo. Jua huzama saa kumi na mbili na dakika kadhaa, na watu wengi huja baada ya kazi. Tumia taa nyeupe, kwani chini ya taa ya njano weupe wa kisutu, ile kanga ya harusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, huonekana kama nguo iliyokaa sana stoo. Bei iandikwe kwa tarakimu kubwa, lipa namba ibandikwe mahali panapoonekana, na chenji iandaliwe tangu asubuhi.

Maswali na majibu

Swali: Upepo wa kusi hupeperusha kanga na kuzikunja juu ya kamba. Nifanyeje?

Jibu: Pitisha ufito mwembamba nyuma ya pindo la chini na uubane kwa vibanio viwili vya nguo. Usitoboe kwa msumari. Kanga yenye tundu utaiuza kwa hasara.

Swali: Mtaji wangu ni doti 20 tu. Banda halitaonekana tupu?

Jibu: Litaonekana tupu ukizirundika zote mezani, dada yangu. Tandaza moja nyuma, mbili ubavuni, zilizobaki zikae kwenye meza moja ndogo. Kodi banda pamoja na mwenzako anayeuza bidhaa inayoendana na kanga, kwa mfano udi au vikapu, lakini kwanza kubalianeni kwa maandishi nani anatumia ukuta upi.

Swali: Je, kanga ya fumbo kali, kama "Hasidi hana sababu", inafaa kuwekwa mbele?

Jibu: Iweke ubavuni, karibu na mlango. Itawachekesha watu na kuwafanya wasimame, lakini wengi wao hawapendi kuonekana wakiinunua, kwa hiyo weka nyingine za jina hilo ndani, zikiwa zimeshakunjwa na kutiwa kwenye mfuko.