Mazoezi ya Nguvu Baada ya Miaka 50: Anza na Kiti

Wengi wanaonijia wakiwa wamevuka miaka 50 huuliza habari za kitambi. Mimi huwaanzisha na miguu. Tangu miaka ya 30 misuli hupungua, takriban asilimia 3 hadi 8 kila miaka 10, na baada ya 60 kasi huzidi. Kutembea kunafaa moyo, ila peke yake hakutoshi kuilinda misuli. Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki, na kwa anayeanza hizo zinatosha.

Mwenye presha isiyotulia, maumivu ya kifua au kidonda cha upasuaji amwone daktari kwanza.

Hatua ya 1: Kiti. Kiegemeze ukutani kiti imara. Kaa ukingoni, miguu upana wa mabega, visigino nyuma kidogo ya magoti. Inama mbele, simama bila kujishika, kisha shuka ukihesabu hadi tatu. Usijitupe, kushuka polepole ni nusu ya zoezi. Toa pumzi unaposimama, maana kubana pumzi hupandisha presha ghafla. Fanya mara 8 hadi 12, hiyo ni seti moja; pumzika dakika 2, rudia hadi seti zitimie 3.

Kwa nini mapaja na makalio? Ni misuli mikubwa, na misuli ndiyo hupokea sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo. Ikifanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini, homoni inayoshusha sukari, inaposuasua. Kwa hiyo anayetumia insulini apime sukari kabla na baada ya mazoezi, isije ikashuka mno.

Hatua ya 2: Ukuta. Pushapu za kusimama, viganja ukutani, mwili umenyooka. Idadi ni ile ile.

Hatua ya 3: Kuvuta. Mkono mmoja juu ya kiti, mgongo umenyooka, vuta begi lenye mzigo hadi ubavuni. Badilisha mkono.

Hatua ya 4: Ongeza mzigo. Hapa ndipo wengi hukwama: miezi inapita, zoezi ni lile lile. Mfupa, kama msuli, huimarika ukidaiwa zaidi. Ukifikisha 12 kwa wepesi katika seti zote, kumbatia begi unaposimama kitini, na kwenye pushapu hamia meza imara. Kila seti iishe ukiwa umebakiza nguvu za marudio 2 au 3 tu.

Misuli ikiuma kesho yake, ni kawaida. Kiungo kikichoma, acha zoezi hilo. Kati ya siku za mazoezi pumzika angalau siku moja.