Bwawa la koi linapungua maji? Zima maporomoko kwanza

Wenye mabwawa ya koi, wale samaki wa mapambo, uani hapa Mombasa, maji yakishuka msikimbilie kulaumu sakafu na kuita fundi aje kuvunja. Asubuhi, kwaruza alama kwa msumari ukingoni usawa wa maji, zima pampu inayopandisha maji kwenye maporomoko, rudi zikipita saa nne. Yakiwa pale pale, au yameshuka wembamba wa sarafu, hilo ni jua tu. Bwawa ni zima. Mwizi yuko kwenye maporomoko.

Langu lilinihangaisha miezi. Kumbe pindo la nailoni iliyotandikwa chini ya mawe ya maporomoko lilikuwa limelala, jiwe la matumbawe limelikalia, na maji yanapita juu yake tone kwa tone hadi mchangani. Nililiinua upana wa kiganja, nikaliegemeza jiwe upande wa nje, basi. Upepo wa kusi nao hurusha matone nje. Hapo dawa ni kupunguza kimo cha maporomoko.

Saa hizo nne usizizidishe, wala usijaribu usiku. Maji ya vuguvugu hubeba oksijeni kidogo, na maporomoko ndiyo pumzi ya samaki. Ukiwaona wanahema juujuu, washa pampu mara moja.

Maji ya mfereji ya kujazia, kama yana klorini, yalaze siku nzima kwenye pipa lililo wazi. Na sponji ya kichujio ioshe kwa maji ya bwawa lenyewe. Klorini huua bakteria wa kichujioni wanaokula amonia, sumu wanayoitoa samaki, na kuwarudisha ni kazi ya wiki kadhaa.