Kuonja divai ya nyumbani dhidi ya ya dukani bila kujidanganya

Divai yangu ya kwanza ya nanasi niliichachusha jikoni kwangu, mtaa wa Umoja, Nairobi, na wageni wakaisifu mpaka nikaanza kuulizia bei ya chupa tupu. Mwezi uliofuata niliwamiminia tena, safari hii pamoja na ya dukani, chupa zote zimevishwa soksi. Walewale wageni wakasema moja inanuka siki. Ilikuwa yangu.

1. Tafuta mshindani wa haki. Nanasi halishindani na Cabernet, divai nyekundu nzito. Liweke na nyeupe, iwe ya Afrika Kusini au Leleshwa ya Naivasha. Ya plamu au forosadi ipe nyekundu nyepesi. Utamu ukaribiane, maana sukari huficha kasoro. Kama una haidromita (kifaa kinachoelea kupima uzito wa divai, na hivyo sukari yake), iliyoanza 1.090 ikaishia 0.995 ni kavu, yaani sukari karibu yote imeisha, na kileo chake ni kama asilimia 12.

2. Joto. Nyeupe digrii 10 hivi, nyekundu 16 hadi 18. Julai ya Nairobi meza yenyewe inatosha kwa nyekundu. Februari iweke kwenye friji dakika ishirini.

3. Ficha, kisha tega. Soksi pekee haitoshi. Mpe kila mtu glasi tatu: mbili divai ileile, moja tofauti. Aseme ipi ndiyo ngeni. Anayebahatisha hupatia mara 1 kati ya 3, kwa hiyo wawili kati ya sita wakipatia, hujathibitisha kitu. Kila mtu aandike kimyakimya. Mmoja akishatamka "ndizi", meza nzima itanusa ndizi.

4. Macho. Pita haraka. Divai kutokuwa angavu si dhambi, kiwandani huchuja. Lakini vipovu kwenye divai isiyokusudiwa kuwa navyo ni ishara kwamba hamira bado inakula sukari ndani ya chupa, na chupa hiyo inaweza kupasuka.

5. Pua. Hapa ndipo kazi ilipo. Siki, au dawa ya kufutia rangi ya kucha: bakteria walipata hewa. Mayai viza: mara nyingi hamira ilikosa lishe, zungusha glasi, pengine itatoweka. Tufaha lililopondeka: hewa imeiharibu. Ya dukani nayo usiionee haya. Ikinuka katoni iliyolowa, kizibo kimeiharibu, hata kama uliinunua ghali.

6. Mdomo. Tafuta uchachu, utamu, ukakasi na moto wa kileo kooni. Nyingi za nyumbani nilizoonja huanguka hapa: kali kama chang'aa, nyepesi kama maji, kwa sababu mtengenezaji alinyima matunda akaongeza sukari.

7. Vua soksi, usibadilishe mlichokwisha kuandika. Kisha acha nusu chupa ya kila moja hadi kesho jioni, imefunikwa. Ya dukani kwa kawaida ina salfaiti, kihifadhi kinachoikinga na hewa, hivyo huvumilia. Yako isiyo nayo ikiwa imegeuka kahawia, iandikie lebo: inywewe siku ileile inapofunguliwa.