Jinsi ya Kuunda Modeli ya Foleni Isiyo na Ajali

Foleni nyingi huzuka bila ajali wala kizuizi chochote, na njia nyepesi ya kuzichunguza kihisabati ni modeli iliyotungwa na Kai Nagel na Michael Schreckenberg nchini Ujerumani mwaka 1992, ambayo unaweza kuiendesha kwenye kompyuta ya kawaida.

Chora barabara ya njia moja inayozunguka duara, kisha uigawe katika visanduku 100 vya mita 7.5 kila kimoja, yaani nafasi inayochukuliwa na gari moja kwenye foleni iliyosimama. Mwendo wa gari ni idadi ya visanduku linavyovuka kwa sekunde, kuanzia 0 hadi 5. Kwa kuwa 5 ni sawa na kilomita 135 kwa saa, barabara ya mjini ifaa iwekewe kikomo cha 2.

Kila sekunde, gari ambalo halijafika kikomo liongezewe mwendo kwa 1. Mwendo huo ukizidi visanduku vilivyo wazi mbele yake, ushushe ulingane navyo. Kisha, kwa uwezekano wa 0.3, mpunguzie 1 kila dereva ambaye bado anatembea, ndipo usogeze magari yote kwa pamoja. Gari lenye mwendo wa 3 na visanduku 2 vilivyo wazi mbele yake hupanda hadi 4, hushuka hadi 2, na bahati ikiliangukia husogea kisanduku 1 tu.

Usiiruke kamwe hatua hiyo ya bahati nasibu, kwa maana ndiyo inayombeba dereva mwenyewe: anayesitasita, anayekanyaga breki kupita kiasi, anayechelewa kuondoka. Ukiweka uwezekano wa 0, magari 16 hatimaye yote hukimbia kwa 5 bila kusumbuana, ukiurudisha 0.3, magari hayo hayo hufanya foleni inayorudi nyuma huku yenyewe yakienda mbele. Jambo hilo lilionekana waziwazi katika jaribio lililochapishwa mwaka 2008 nchini Japani, ambapo magari 22 yalizungushwa kwenye duara la mita 230 na foleni ikajitokeza yenyewe.

Kupima mtiririko, yaani wastani wa magari yanayopita mahali pamoja kwa sekunde, gawanya idadi ya magari kwa idadi ya visanduku, kisha zidisha kwa wastani wa mwendo. Tupa sekunde 1,000 za mwanzo, kwa sababu bado zinaonyesha jinsi ulivyoyapanga magari, halafu rudia kwa idadi mbalimbali ya magari mpaka uone ni wapi mtiririko unaacha kupanda na kuanza kushuka.