Namna ya Kuuhakiki Mradi Wako wa Usanifu

Katika ripoti nyingi za mwaka wa mwisho, sehemu dhaifu kuliko zote ni ile ambayo mwanafunzi anatakiwa kuihakiki kazi yake mwenyewe. Wengi husimulia hatua walizopitia, kisha huongeza aya moja ya changamoto ambamo muda na fedha hulaumiwa. Huo si uhakiki. Kuhakiki ni kuuchukua kila uamuzi ulioufanya kama dai, halafu kutafuta ushahidi unaoweza kuliangusha dai hilo. Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyesanifu jiko la mkaa kwa ajili ya mama lishe.

Anza kwa kukusanya mabaki ya kazi kabla hayajapotea: michoro uliyoikataa, picha za vikombe vya udongo vya ndani ya jiko vilivyopasuka, risiti za bati, na ujumbe mliotumiana na fundi. Vipange kwa tarehe, kisha chora jedwali la safu tatu: uamuzi, sababu uliyokuwa nayo siku ile, na ushahidi uliokuwa nao siku ile. Safu ya pili ndiyo ngumu, kwa kuwa kazi ikishakwisha ni rahisi mno kuitungia sababu nzuri kuliko zile zilizokuwapo. Kama mlango wa hewa ulipata upana wa sentimita nane kwa sababu kipande cha bati kilichobaki kilikuwa na upana huo, andika hivyo hivyo. Hapo utakuwa umepata swali halisi la utafiti, yaani kama upana mwingine ungefaa zaidi.

Kisha wasome waliokutangulia. Jiko la kauri la Kenya lilisanifiwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kufuata wazo la jiko la ndoo la Thailand, likapewa mwili wa bati wenye kiuno na kikombe cha udongo wa kuchoma ndani yake, na mafundi wa jua kali wakalitengeneza kwa zana walizokuwa nazo. Jiulize ni kitu gani kimo katika jiko lako na hakimo katika lile, na kwa nini wenzako hawakukiweka. Mara nyingi fundi atakujibu haraka kuliko maktaba.

Vipimo vinahitaji subira zaidi. Katika jaribio la kuchemsha maji, pima uzito wa mkaa kabla ya kuwasha, pima maji, andika muda hadi yanapochemka, kisha pima mkaa uliosalia. Pembeni weka jiko la kawaida, siku hiyo hiyo, kwa mkaa wa gunia moja na sufuria za ukubwa mmoja. Rudia angalau mara tatu, kwa maana hata mkaa wa gunia moja hutofautiana kwa unyevu na kwa aina ya mti. Ukilinganisha matokeo yako na ya mahali pengine, kumbuka kuwa Nairobi, iliyo katika mwinuko wa takriban mita 1,700, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi, ilhali Dar es Salaam huchemka karibu na 100. Na iwapo tofauti kati ya majaribio ya jiko lako lenyewe ni kubwa sawa na tofauti kati ya majiko mawili, bado hujathibitisha lolote, na ripoti yako iseme hivyo waziwazi.

Hata hivyo, maji hayasongwi. Ugali unaposongwa, mwiko huisukuma sufuria kwa nguvu na jiko lenye kitako chembamba huyumba. Maharage nayo hutaka moto mdogo wa muda mrefu, kwa hiyo jiko linalochemsha haraka laweza kuwa ndilo linalomaliza mkaa. Mambo haya huonekana kibandani tu. Mwachie mama lishe jiko kwa wiki mbili, kisha uende ukakae naye tangu anapowasha moto. Usimwulize, “Mama, jiko umelipenda?” kwa sababu atakustahi na kukujibu, “Zuri, mwanangu.” Mwulize jana alipika nini, aliongeza mkaa mara ngapi, na chungu kipi alikipeleka kwenye jiko lake la zamani. Tazama pia alichobadilisha: jiwe lililowekwa chini ya mguu mmoja, waya uliofungwa mahali pa mkono uliolegea, mlango wa hewa usiofungika tena kwa majivu. Naamini kila badiliko la namna hiyo lina thamani kuliko hojaji nzima. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na jina lake usilichapishe.

Jichunguze na wewe pia. Mtu ambaye hajawahi kupikia watu arobaini, wala kununua mkaa kwa kopo, ana mambo aliyoyachukulia kuwa kweli bila kuyapima, na hayo yanapaswa kuandikwa.

Unapoandika, jenga kila sehemu juu ya uamuzi mmoja: ulichokusudia, kilichotokea, ushahidi unaokupinga, na unachokibadilisha. Mwishoni weka mchoro wa toleo linalofuata, na kando ya kila badiliko utaje jaribio au ziara iliyolizaa. Badiliko lisilo na chanzo liondoe, au lirudishe kwenye majaribio.