Waridi jeupe linalonukia: chagua kwa pua kwanza

Kazi yangu ni ya zamu ya usiku. Jioni natoka nyumbani giza linaingia, na rangi zote bustanini zimekwisha kuzama isipokuwa nyeupe. Asubuhi narudi miguu ikiniuma, umande haujakauka, na hapo ndipo harufu ya waridi inapokuwa imekolea. Kwa mtu wa ratiba kama yangu, waridi jeupe lenye harufu ndilo ua pekee linalolipa jasho lake: jioni naliona, asubuhi nalinusa.

Lakini mwaridi wangu wa kwanza ulinitia aibu. Ulichanua maua kama ya kadi ya harusi. Nikainama, nikavuta pumzi ndefu, nisisikie kitu. Aliyeniuzia alikuwa ameapa kwamba mawaridi yote hunukia. Si kweli, na hakuna mbolea wala maji yatakayolitia harufu waridi lililozaliwa bila harufu. Basi kazi huanzia kwenye uchaguzi.

Ninayozungumzia hapa ni yale mawaridi chotara ya chai: tumba refu lililochongoka, ua moja kubwa juu ya kikonyo kimoja kirefu. Hilo neno "chai" limetokana na mababu zao wa China, ambao harufu yao iliwakumbusha watu majani ya chai. La France, la mwaka 1867, ndilo linalohesabiwa kuwa la kwanza katika kundi hili. Tangu hapo wazalishaji wamekimbilia umbo, rangi na uwezo wa ua kudumu kwenye chombo, na harufu mara nyingi imeachwa njiani. Pascali, lililotoka Ubelgiji mwaka 1963, ni mfano mzuri: jeupe safi, umbo halina kasoro, lakini pua haipati cha kusimulia. Ukitaka harufu, tafuta Pope John Paul II, ambalo lina ukali mtamu wa ndimu, au Sugar Moon. Ukipenda ya kale, lipo Kaiserin Auguste Viktoria la Mjerumani Peter Lambert, la mwaka 1891, lenye weupe wa maziwa kuliko wa theluji. Mimi ninayo miche mitatu ya Pope John Paul II na mmoja wa Kaiserin, na nikilazimishwa kubaki na mmoja tu nitabaki na wa zamani, ingawa maua yake huinamisha vichwa na mvua huyasumbua.

Kama unaweza, nunua mche ukiwa na ua. Nenda asubuhi, nusa ua lililofunguka nusu. Tumba lililofumba bado halijaanza kutoa harufu, na ua lililochakaa limekwisha kuimaliza.

Sehemu ya kupanda ipate jua saa sita kwa siku au zaidi, na hasa jua la asubuhi, kwa sababu ndilo linalokausha umande kwenye majani. Jua kali la alasiri hubabua petali nyeupe kingo zikawa kama karatasi iliyopitiwa na pasi, kwa hiyo kivuli chepesi cha saa hizo si dhambi. Kaa mbali na mizizi ya miti. Na usipande mwaridi mpya pale ulipong'oa wa zamani bila kubadilisha udongo. Hudumaa tu, na utahangaika bure kutafuta ugonjwa.

Chimba shimo la sentimita 45 kwenda chini na upana huohuo. Lijaze maji. Yakiwa bado yamesimama baada ya saa kadhaa, mizizi itaoza, hivyo inua tuta au tafuta mahali pengine. Udongo uliochimba uchanganye na mboji au samadi iliyooza vizuri, theluthi moja hivi. Waridi hupenda udongo wenye tindikali kidogo, pH ya 6 hadi 6.5. Majani machanga yakigeuka manjano huku mishipa imebaki kijani, mara nyingi udongo umezidi chokaa na mmea unashindwa kunyonya chuma. Pale mche ulipobebeshwa, yaani tawi la waridi lilipounganishwa na shina la mmea mwingine wenye mizizi, utaona fundo: penye joto mwaka mzima liache juu kidogo ya ardhi, penye baridi ya kugandisha lifukie kama sentimita 5. Acha sentimita 75 kati ya mche na mche ili hewa ipite.

Chini ya fundo hilo kuna mmea mwingine kabisa, ule wa kubebea, na siku moja utajaribu kujitokeza. Wengine hukwambia uhesabu vipande vya jani, yaani vijani vidogo vinavyounda jani moja, vikiwa saba ni otea, tawi la huo mmea wa chini. Usiwaamini, hata waridi lako lenyewe huweza kutoa saba. Fukua udongo ufuate tawi hadi linapoanzia. Likitoka chini ya fundo, ling'oe kwa mkono kwa kulivuta chini. Ukilikata kwa makasi umelipogoa tu, litarudi na ndugu zake.

Sasa maji, ambako nilipata somo langu chungu. Mama mkwe anaishi nasi na anapenda maua kuliko mimi. Kila jioni nikishaondoka alikuwa akiyaogesha mawaridi kwa mpira kuanzia juu, kama mtoto. Kwa mwezi mmoja majani yakajaa madoa meusi yenye kingo za manyoya, yakageuka manjano, yakaanguka. Madoa hayo ni ukungu, nao huhitaji jani libaki limelowa kwa muda wa saa saba hivi ndipo uingie, na jani lililoogeshwa jioni hulala limelowa usiku kucha. Kumwambia aache, sikuthubutu. Nilimnunulia keni yenye mdomo mrefu nikamwambia, "Mama, daktari wa mimea anataka dawa imiminwe shinani, asubuhi." Daktari huyo ni mimi. Mpaka leo anamimina shinani. Lita 20 hivi kwa wiki kwa kila mmea, kwa awamu mbili, zinatosha. Joto likizidi ongeza. Juu ya udongo tandaza majani makavu au maganda ya miti unene wa sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina. Majani yenye madoa yaokote yote uyatupe mbali, kwa sababu ukungu hubaki humo ukisubiri.

Mbolea nisiirefushe: kiasi kidogo baada ya kupogoa na baada ya kila mkupuo wa maua. Ukizidisha ya naitrojeni utapata majani manene na vidukari wengi, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, maua machache. Vidukari wenyewe huondoka kwa maji ya kasi asubuhi, au kwa vidole kama huna kinyaa.

Kinachotofautisha waridi jeupe na jekundu ni kwamba jeupe halifichi kitu. Kuna msimu petali zangu zilitokeza vidoa vya rangi ya pinki vyenye duara jekundu, nikafurahi nikidhani mmea unabadilika rangi. Kumbe ulikuwa ukungu wa kijivu, ule unaoshambulia maua yaliyolowa mahali pasipo na upepo. Kata maua hayo mapema, punguza matawi ya katikati hewa ipite. Na ukiona tumba limekataa kufunguka, kingo zake zina kahawia kama za karatasi ya zamani, likung'ute juu ya karatasi nyeupe. Vikitokea vijidudu vyembamba kama vipande vya uzi vinavyokimbia, hao ni thripsi, na maua ya rangi nyeupe huwavuta sana. Dawa ya kupuliza haiwafikii ndani ya tumba lililofumba. Kata, funga mfukoni, tupa. Mara mbili tatu kwa wiki, idadi yao hupungua.

Ukitaka ua moja kubwa kweli, tazama chini ya tumba la katikati. Pembeni utakuta vitumba viwili, vidogo kama punje za pilipili manga. Shika kikonyo kwa mkono wa kushoto, weka ukucha wa kidole gumba kwenye kwapa la kitumba, kisukume kwa pembeni. Kinatoka kwa mlio mdogo, "tik". Fanya mapema, ukichelewa kinaacha kovu, na bado kimekwisha kula sehemu ya chakula.

Kupogoa kukubwa hufanywa mara moja kwa mwaka, mmea ukiwa umepumzika: bakiza matawi matatu hadi matano yenye afya, urefu wa sentimita 30 hadi 45, yaliyosimama kama bakuli. Kila mkato uwe juu kidogo ya jicho, pale chipukizi linapoanzia, linalotazama nje. Mwanzoni utaona umeua mmea. Hujaua.

Maua ya kuweka ndani ya nyumba yakate asubuhi na mapema, petali za nje zikiwa zimeanza kuachia, uyatie majini papo hapo. Saa sita mchana penye joto harufu imekwisha kupanda hewani, kwa hiyo usimkaribishe mgeni kunusa saa hizo halafu ukalaumu mche. Teremka kwenye kikonyo hadi jani la kwanza lenye vipande vitano linalotazama nje, ukate juu yake. Hapo tawi lina nguvu ya kubeba ua jingine, na baada ya wiki sita hadi nane utaliona. Ukikata juu ya jani la vipande vitatu utapata kijiti chembamba. Nikirudi asubuhi nikakuta kikonyo kimekatwa juu ya jani la vipande vitatu, najua nani amenitangulia bustanini, na najua pia ua lenyewe nitalikuta kwenye glasi, kando ya kitanda chake.