Kabla ya kuanza somo la hesabu za msingi kwenye chuo cha walimu, Lubumbashi

Wengi wanaoingia chuo cha ualimu hapa Lubumbashi, wakiona "hesabu za msingi" kwenye ratiba, wanapumua. Kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya: hayo tuliyamaliza tukingali katika sare ya bluu na nyeupe. Lakini somo hili haliulizi kama unajua jibu. Linataka uweze kumjibu mtoto anayesema, "Mwalimu, juu ya nini?", yaani kwa nini iko hivyo.

Anza na kutoa. Andika 52 − 27 na ufanye ulivyofundishwa, kisha mpe ndugu yako naye afanye. Huenda mmoja alikopa kumi kutoka kwenye 5, mwingine akaongeza kumi juu na moja chini. Wote mnapata 25. Njia ya kukopa inaonekana kwa vijiti: unafungua fungu moja la kumi. Ile ya pili inahitaji maneno. Ile moja ya chini inakaa kwenye safu ya makumi, kwa hiyo nayo ni kumi. Ukiongeza kumi pande zote mbili, tofauti haibadiliki, kama umri wa yaya, yaani mkubwa, na mdogo wake: miaka kumi ikipita, kinachowatenganisha ni kilekile. Jizoeze kusema hivyo kwa kinywa, si kwa kalamu tu. Na vijiti vyenyewe vitafute mapema, mia moja hivi, pamoja na mipira ya kuvifunga kumi kumi. Vifuniko vya chupa vinafaa pia, ila havifungiki.

Sehemu, zile tulizozoea kuita fraksio, ndizo zinazowaangusha wanafunzi wengi. Kila mtu anakumbuka kwamba kugawanya ni kugeuza ile ya pili na kuzidisha. Sasa chukua meka, kile chombo cha kupimia unga. Una meka mbili na robo, na kopo linaloingia nusu meka. Utachota mara ngapi? Mara nne, na inabaki robo meka. Hapo ndipo mtu anaandika "nne na robo", na amekosea, kwa sababu robo hiyo ni ya meka, nasi tunahesabu makopo. Robo meka ni nusu ya kopo, kwa hiyo jibu ni nne na nusu. Ningekuomba ufanye jambo hili kwa unga wa kweli, jikoni, kabla ya wiki ya kwanza. Ukishaona kwa macho kwamba lazima uulize "robo ya nini?", hutalisahau, na siku moja utamwokoa mtoto.

Angalia pia lugha yako. Mtoto wa hapa anasema makumi mbili, makumi tatu, na ndani ya neno lenyewe anasikia makumi ni mangapi. Ishirini na thelathini za vitabuni hazimwonyeshi hivyo. Kwa Kifaransa, onze na douze (11 na 12) zinamficha kumi, wakati kumi na moja inaisema wazi. Septante na nonante (70 na 90) tunazotumia Kongo zina nafuu kuliko soixante-dix ("sitini-kumi") ya Ufaransa, lakini quatre-vingts (80, yaani "ishirini nne") bado ni mtego. Mimi naamini Kiswahili cha nyumbani ni chombo cha kazi katika somo hili, wala si aibu ya kuacha mlangoni. Andika namba kutoka 1 hadi 100 kwa lugha zote mbili, ukitia alama pale neno linapoficha kumi.

Ukijisomea kwa vitabu kutoka Zambia, au kwa video za Kenya na Tanzania, kumbuka kwamba wao wanaandika 3.5 pale sisi tunapoandika 3,5. Kwao 1,500 ni elfu moja na mia tano. Kwetu ni moja na nusu. Hata kugawanya kwa mkono wanakupanga tofauti: kigawanyo wanakiweka kushoto, sisi kulia.

Daftari la miraba, rula, simu yenye chaji: hayo unayajua.

Jambo la mwisho linahitaji jioni moja. Kama nyumbani kuna mtoto wa darasa la kwanza au la pili, kaa naye akihesabu. Usimsahihishe upesi. Muulize amefikaje hapo, andika alichosema neno kwa neno, na uje na karatasi hiyo siku ya kwanza.